Mkengeuko wa joto la bahari: maana yake na namna ya kuusoma

Kila msimu wa mvua unapokaribia, taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania na za Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya hazikosi kugusia jambo moja: kama joto la bahari magharibi mwa Bahari ya Hindi litakuwa juu au chini ya wastani. Wengi huiruka sentensi hiyo wakakimbilia aya inayosema mvua zitaanza lini. Ni haki yao, ila ubashiri wa mvua za vuli kwa sehemu kubwa umesimama juu ya hicho walichokiruka.

Kinachotajwa pale ni mkengeuko, yaani tofauti kati ya joto lililopimwa kwenye uso wa bahari na joto ambalo mahali hapo huwa nalo katika mwezi huo. Tuseme maji yamepimwa nyuzi 28.4, na wastani wa mwezi huo ni 27.6. Mkengeuko ni nyuzi 0.8. Ukiona alama ya kutoa mbele ya tarakimu, maji yamepoa kuliko kawaida yake.

Kwa nini wasitaje joto lenyewe yakaisha? Kwa sababu bahari ina majira. Kwenye mwambao wetu, mwezi Machi, kaskazi inapoelekea kwisha, maji hufika nyuzi 29 hivi. Agosti, kusi ikivuma, hushuka hadi karibu na 25. Anayelinganisha Machi na Agosti atatangaza kwamba bahari imepoa kwa nyuzi nne, na atakuwa amegundua jambo ambalo kila mvuvi analijua. Ndiyo maana kila mwezi hupimwa na wastani wake: Agosti kwa Agosti, Machi kwa Machi.

Halafu lipo swali ambalo grafu nyingi zinazosambazwa mitandaoni hazilijibu: wastani wa miaka ipi? Desturi ni kuchukua miaka 30. Vituo vingi vya hali ya hewa vilitumia 1981 hadi 2010, kisha vikahamia 1991 hadi 2020. Kwa kuwa Bahari ya Hindi imekuwa ikipata joto kwa miongo mingi, wastani mpya uko juu kuliko ule wa zamani. Maji yaleyale, yenye nyuzi zilezile, yakipimwa na wastani mpya hutoa mkengeuko mdogo zaidi. Vituo viwili vinaweza kutoa tarakimu tofauti kwa mwezi mmoja na vyote vikawa sahihi. Grafu isiyotaja miaka yake ya rejea mimi huiacha hapohapo.

Hata ukiijua miaka hiyo, mkengeuko peke yake hautoshi kueleza madhara. Chukua matumbawe. Idara ya Marekani inayofuatilia bahari na anga, NOAA, huhesabu kwamba matumbawe yako hatarini maji yanapozidi kwa nyuzi 1 wastani wa mwezi wenye joto kuliko yote pale yalipo. Sasa mkengeuko wa nyuzi 1 mwezi Agosti unayafikisha maji kwenye 26, bado chini kabisa ya Machi ya kawaida, na matumbawe hayana habari. Nyuzi 1 hiyohiyo mwezi Machi au Aprili inayapeleka kwenye 30, na hali hiyo ikiendelea wiki kadhaa matumbawe huanza kupauka. Mwaka 1998 yalipauka kutoka Kenya na Tanzania hadi Ushelisheli, na mengi yakafa. Kwa hiyo ukishapewa mkengeuko, urudishe kwenye wastani wake ujue maji yenyewe yana nyuzi ngapi.

Kwa mvua hesabu inakwenda hatua moja mbele, kwani hapo hulinganishwa pande mbili za bahari. Mwaka 1999 mwanasayansi N. H. Saji na wenzake walieleza kile kinachoitwa Dipole ya Bahari ya Hindi, yaani hali ya upande mmoja wa bahari hii kuwa na joto kuliko kawaida huku mwingine ukiwa umepoa. Kielelezo chake, yaani tarakimu ya kuipima, hupatikana kwa kuchukua mkengeuko wa eneo la magharibi, kati ya longitudo 50 na 70 mashariki na kati ya latitudo 10 kusini na 10 kaskazini, kisha kutoa humo mkengeuko wa eneo la mashariki, karibu na Sumatra. Ushelisheli imo ndani ya eneo hilo la magharibi. Mombasa, Unguja na Mtwara hazimo, kwa hiyo kipimajoto ulichotumbukiza Forodhani hakitakwambia dipole ikoje.

Kielelezo hicho ni matokeo ya kutoa, na hapo ndipo wengi hujikwaa. Kinaweza kupanda kwa sababu magharibi kumepata joto, au kwa sababu mashariki kumepoa, au yote mawili. Mwishoni mwa 2019 kilipanda mno, na sehemu kubwa ya kupanda huko ilitokana na maji ya Sumatra na Java kupoa sana. Aliyesikia kwamba dipole imevunja rekodi akadhani bahari ya upande wetu imechemka alikuwa amesoma nusu ya habari. Upepo na unyevu vilielekea huku Afrika Mashariki, vuli ikawa ya mafuriko, na Novemba maporomoko ya udongo yakaua watu wengi Pokot Magharibi nchini Kenya. Huko Australia, ukame ulisaidia kuwasha moto wa misitu uliowaka hadi mwanzoni mwa 2020.

Mwishoni mwa mwaka huo Pasifiki haikuwa na El Niño ya kutajwa, yaani ile hali ya maji ya Pasifiki karibu na ikweta kupata joto kuliko kawaida. Hilo linastahili kukaziwa, kwa sababu tangu mvua za 1997 tumezoea kuipa El Niño lawama zote. Kweli El Niño ya 1997 ilikuwa kubwa, lakini dipole nayo ilikuwa juu sana mwaka huohuo. Ikaja 2015: Pasifiki ikapata joto lililokaribiana na la 1997, watu wakajiandaa kwa maafa, na vuli ikapita bila kufanana na ile ya awali. Dipole ya 2015 ilikuwa dhaifu. Mtu akiniuliza vuli itakuwaje, nitatazama Bahari ya Hindi kabla ya Pasifiki.

Kuna mabadiliko mengine ambayo hayatoki baharini kabisa, yanatoka kwenye vyombo vya kupimia. Zamani mabaharia waliteka maji kwa ndoo na kutia kipimajoto. Maji yakipandishwa sitahani hupoa kidogo kwa mvuke. Meli nyingine zilipima maji yanayoingia kupoza injini, nayo husomeka na joto zaidi. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia vipimo vingi vilitoka kwenye meli za Marekani zilizopima kwenye injini. Vita vilipokwisha mwaka 1945, vipimo vya meli za Uingereza, zilizotumia ndoo, vikaongezeka ghafla. Kwenye rekodi, bahari za dunia zikaonekana kupoa kwa nyuzi 0.3 hivi kwa miezi michache. Maelezo hayo yalichapishwa mwaka 2008. Kabla yake kulikuwa na waliotafuta chanzo cha kushuka huko kwenye hali ya hewa. Grafu ikiruka au ikiporomoka ghafla, chunguza kwanza kama kilichobadilika ni namna ya kupima.

Siku hizi kuna maboya na satelaiti, na kila kimoja kina tabia yake. Satelaiti zinazotumia miale ya infraredi husoma ngozi nyembamba tu ya maji, na mchana wa jua kali usio na upepo ngozi hiyo hupata joto kuliko maji yaliyo mita chache chini. Mawingu huziziba. Zile za mikrowevu huona kupitia mawingu lakini hazisomi vizuri karibu na nchi kavu. Kwa mkondo mwembamba kama ule wa kati ya Unguja na Bagamoyo, wakati wa mawingu ya masika, rangi unayoiona kwenye ramani ya siku hiyo huenda ni makadirio ya kompyuta kutokana na vipimo vya jirani au vya siku zilizotangulia.