Si kweli kwamba timu ya makabila mchanganyiko lazima ivunjike

Ule ujumbe umerudi tena kwenye magrupu ya Mwanza: "Ukitaka kazi iende, ajiri watu wa kwenu. Ukichanganya makabila, ugomvi hauishi." Si kweli.

Mchanganyiko wa makabila peke yake hauamui timu itafanya kazi vizuri au vibaya. Kinachoamua zaidi ni majukumu yaliyo wazi, mgawo wa haki na kuaminiana. Mwanzoni kutoelewana kunaweza kuwepo, hilo tusilifiche, lakini mara nyingi hupungua watu wakizoeana. Na kwenye tatizo gumu, wenye ujuzi tofauti huona mengi.

Nenda Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, magunia ya dagaa yakishushwa kutoka visiwani. Msukuma, Mkerewe na Mjita wanapokezana gunia bega kwa bega. Wakizozana, sikiliza chanzo: malipo yamechelewa, gunia limepungua, fulani karuka zamu. Kazini kwako, andika sababu hizo kwenye daftari mwezi mzima, kisha uzihesabu mwenyewe.

Tunachanganyikiwa kwa sababu watu wa kabila moja wakigombana tunasema "wamekosana". Wakiwa wa makabila mawili, tunataja kabila. Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze. Kuna kijana anayenyimwa kibarua kwa sababu ya jina la ukoo wake tu.