Je, wajua kwa nini chaja ya wati 65 haiunguzi simu ya wati 10?

Saa mbili usiku umeme ulirudi baada ya kukatika tangu asubuhi, na simu ya shangazi ilikuwa imebakiwa na asilimia 4. Kichwa cha chaja yake, kile cha wati 10 kilichokuja na simu, alikisahau kazini. Mkobani alikuwa na waya tu. Nikampa chaja ya laptopu yangu, Type-C ya wati 65. Akaivuta simu yake kifuani.

“Hapana baba, hiyo ya kompyuta itaniunguzia simu.”

Wengi wana hofu hiyo, na haikutoka hewani. Ila inatokana na kudhani kwamba chaja ndiyo inayosukuma umeme kwenye simu, wakati simu ndiyo inayouvuta. Volti ni presha ya umeme, ampia ni wingi wake unaopita, na ukizidisha hizo mbili unapata wati. Ampia zilizoandikwa kwenye chaja ni kikomo cha uwezo wake. Mwenye kata huchota kata moja, awe mtungini au ziwani. Ndani ya simu kuna saketi inayoamua ichote kiasi gani, na betri inapokaribia kujaa, saketi hiyo hupunguza yenyewe.

Volti ndizo za kuogopa. Laptopu nyingi za Type-C huchajiwa kwa volti 20, na simu iliyozoea volti 5 ikipewa 20 ghafla inaweza kufa. Kinachozuia hilo ni mazungumzo kati ya chaja na kifaa. Chaja ya Type-C iliyotengenezwa kwa kufuata viwango haitoi umeme kabisa mpaka itambue kwamba kuna kifaa upande wa pili. Ikikitambua, huanza na volti 5. Kifaa kinachojua lugha ya Power Delivery, iliyoanza 2012, kinaweza kuomba 9, 15 au 20. Na tangu 2021 lugha hiyo inafika volti 48 kwa ampia 5, yaani wati 240. Kisichoijua hubaki kwenye 5. (Ndiyo maana tochi na redio nyingine za bei nafuu hazichaji kwa waya wenye Type-C pande zote mbili: hazina rezista (kipande kidogo cha saketi) ya kujitambulisha, kwa hiyo chaja inanyamaza.)

Chukua chaja yako usome yale maandishi madogo. Penye INPUT utakuta 100–240V, umeme wa ukutani. Penye OUTPUT, chaja ya wati 20 mara nyingi huandikwa 5V 3A, kisha 9V 2.22A. Zidisha: 15, halafu karibu 20. Zile wati 20 zinapatikana tu simu ikiomba volti 9. Tundu la kawaida la USB 2.0 kwenye kompyuta limepangiwa ampia 0.5, sawa na wati 2.5, kwa hiyo usishangae simu ikikesha hapo bila kujaa.

Hatari ninayoihofia mimi iko kwenye waya na kwenye vichwa feki. Mwaka 2015 Benson Leung, mhandisi wa Google, alianza kununua nyaya za Type-C mtandaoni na kuzipima mmoja mmoja. Mwanzoni mwa 2016 akapata mmoja ambao ndani yake njia ya umeme na njia ya kurudia zilikuwa zimegeuzwa. Ulimharibia kompyuta yake ya Chromebook Pixel pamoja na vifaa vya kupimia. Machi mwaka huo Amazon ikapiga marufuku nyaya za Type-C zisizofuata viwango.

Kichwa feki ni kibaya zaidi, kwa sababu kinaweza kuchaji vizuri kwa miezi. Ndani yake volti 230 za ukutani na volti 5 za simu hutenganishwa na transfoma ndogo na nafasi ya milimita chache. Mtengenezaji akibana matumizi hapo, siku kizuizi kikipasuka umeme wa ukutani unafuata waya hadi mkononi mwako. Kikiwa chepesi kupita kiasi, au hakina maandishi ya OUTPUT, au kinapata moto hadi hakishikiki, kiache. Kioo cha simu kikianza kujibonyeza chenyewe wakati wa kuchaji, shuku chaja kwanza. Na usichaji chini ya mto: betri ya lithiamu inahitaji kupoa.

Nilichomeka kipimo kidogo cha USB kati ya chaja yangu na simu ya shangazi, nikamwonyesha: volti 5.1, ampia 1.9. Haikufika hata wati 10. Akairuhusu ichaji, akanipa waya wake niutazame. Karibu na kichwa ulikuwa umechunika hadi shaba inaonekana, umefungwa kwa selotepu. Nikaomba ruhusa yake, nikaukata vipande viwili.