IPTV si kila televisheni inayopita kwenye intaneti

Neno IPTV siku hizi linabandikwa kila penye picha na intaneti. Mtu anatazama filamu kwenye programu ya simu, anasema yuko kwenye IPTV. Mwingine kauziwa kiungo chenye orodha ndefu ya chaneli na muuzaji asiyejulikana aliko, naye anasema kanunua IPTV. Kampuni ya simu ikitoa programu yake ya televisheni, habari zinaandika kwamba imezindua IPTV. Katika hizo tatu, kuna uwezekano mkubwa hata moja si IPTV.

Maana yake kwa ufupi: IPTV ni televisheni inayosafirishwa kwa itifaki ya intaneti ndani ya mtandao ambao mtoa huduma anausimamia mwenyewe, kuanzia kwenye mitambo yake hadi kwenye king'amuzi cha mteja, huku picha zikiwa zimetengewa nafasi yao ili zisigombee njia na mambo mengine. Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, lilipokaa mwaka 2006 kulipa neno hili maana rasmi, lilisisitiza mtandao wa IP unaosimamiwa ili kutoa ubora, usalama na uhakika unaotakiwa. Hilo la kusimamiwa ndilo linalobeba kila kitu. Likiondoka, inabaki video ya kawaida ya intaneti.

Mkanganyiko unaanzia kwenye herufi mbili za mwanzo. Wengi wanaisoma I peke yake, wanapata "intaneti", halafu P wanairuka. Herufi hizo haziachani. IP ni itifaki ya intaneti, yaani kanuni za kufunga data katika pakiti, kuiandikia kila pakiti anwani ya inakotoka na inakokwenda, na kuipitisha kutoka ruta moja hadi nyingine. Intaneti yenyewe ni mtandao mmoja mkubwa ulio wazi unaofuata kanuni hizo, na iko mitandao mingine isiyohesabika inayozifuata pia. Kompyuta na printa za ofisi zinaelewana kwa IP hata siku ambayo intaneti imekatika. Kamera za ulinzi zinapeleka picha kwenye mashine ya kurekodia kwa IP bila kutoka nje ya jengo. Simu ya sauti ya 4G nayo hubebwa kwa IP ndani ya mtandao wa kampuni ya simu. Kwa hiyo jina linasema televisheni inasafiri kwa kanuni gani. Kuhusu kupita kwenye intaneti, halijasema neno.

Historia ya jina inathibitisha hilo. Mwaka 1995 Judith Estrin na Bill Carrico walianzisha kampuni ya Precept Software, na bidhaa yao ikaitwa IP/TV, yenye mkwaju katikati. Kazi yake ilikuwa kutuma video kwenye mitandao ya IP, hasa ya ndani ya mashirika, kwa njia ya multikasti ambayo nitaieleza hapa chini. Cisco, kampuni ya vifaa vya mitandao, ilinunua Precept mwaka 1998. Mkwaju ukadondoka baadaye, jina la bidhaa likawa jina la teknolojia nzima. Ukiangalia lilikozaliwa, utaona lilikuwa la mitandao yenye mwenyewe tangu mwanzo.

Kampuni za simu zililidaka miaka ya 2000, na hapa ndipo mkakati wao unapoeleweka. Mapato ya simu za mezani yalikuwa yanashuka, na kampuni za kebo zilikuwa zimeanza kuuza intaneti na simu juu ya waya uleule wa televisheni. Jibu la kampuni za simu likawa kuuza simu, intaneti na televisheni kwa laini moja, na waliokuwa na mtandao wa simu za mkononi wakaongeza huduma ya nne kwenye ankara hiyohiyo. Mteja mwenye huduma tatu au nne mahali pamoja hahami upesi.

Marekani ilitoa mifano miwili ambayo inafaa kuwekwa ubavu kwa ubavu. AT&T ilizindua U-verse mwaka 2006, ikianzia San Antonio, Texas. Faiba ilifika kwenye kabati la mtaani, kisha kutoka hapo hadi nyumbani ikatumika teknolojia ya VDSL juu ya waya wa shaba wa simu uliokuwepo. Waya huo hauwezi kumwaga chaneli zote kwa mpigo kama kebo ifanyavyo, kwa hiyo ilishuka ile tu ambayo mteja ameichagua. Hiyo ni IPTV kamili. Verizon yenyewe ilivuta faiba hadi ndani ya nyumba, na mwaka 2005 ikaanza kuuza televisheni ya FiOS huko Keller, Texas. Lakini chaneli zake za kawaida zilirushwa kwa mawimbi ya aina ya kebo juu ya mwanga wa nanomita 1550, wakati intaneti ikishuka kwenye nanomita 1490 ndani ya uzi huohuo. Zilizopita kwa IP ni video za kuagiza. Yaani waya wa shaba wa zamani ulibeba IPTV, na faiba mpya, kwa upande wa chaneli, haikuibeba. Anayesema "nimefungiwa faiba, basi nina IPTV" amechanganya barabara na gari.

Sasa multikasti, kwa sababu bila hiyo hesabu za kampuni hazikubali. Chaneli moja ya HD iliyobanwa kwa H.264, kiwango cha kubana video, inaweza kuchukua megabiti 8 hivi kwa sekunde. Watu 10,000 wakitazama mechi moja, kila mmoja kwa mkondo wake, seva zinapaswa kutoa gigabiti 80 kwa sekunde kwa ajili ya mechi hiyo peke yake. Kwa multikasti, mkondo ni mmoja wa megabiti 8 katika kila kiungo cha mtandao, na ruta inatoa nakala pale tu njia zinapoachana. Kila chaneli inapewa anwani ya kundi, kati ya 224.0.0.0 na 239.255.255.255. Unapobonyeza rimoti, king'amuzi hakiiombi seva ikitumie video. Kinatuma ujumbe mfupi wa IGMP, itifaki ya kuingia na kutoka kwenye makundi hayo, wa kujitoa kwenye kundi la chaneli ya zamani, na mwingine wa kujiunga na kundi jipya. Kama mtu mwingine wa kabati lilelile tayari anaitazama chaneli hiyo, mkondo umeshafika hapo mlangoni, kilichobaki ni kukupa nakala.

Kwenye intaneti ya wazi multikasti haivuki kutoka kampuni moja kwenda nyingine, kwa hiyo huduma za kustrimu zinamhudumia kila mtazamaji peke yake kwa HTTP, itifaki ileile ya kurasa za wavuti. HLS, njia ambayo Apple iliitoa mwaka 2009, inaikata video katika vipande vya sekunde chache, na programu inaweka akiba ya vipande kadhaa kabla ya kuonyesha. Akiba hiyo ndiyo inayomfanya anayestrimu asikie kelele za goli kutoka nyumba ya pili nusu dakika kabla hajaliona. Huduma za aina hii zinaitwa OTT, maana yake zinapita juu ya mtandao wa mtu mwingine, na mwenye mtandao huo hana ahadi yoyote kwao.

Tofauti hiyo unaiona kwa macho mambo yakiharibika. Programu ya kustrimu njia ikibana inashusha ubora, picha inakuwa na ukungu, na ikizidiwa kinatokea kile kiduara kinachozunguka. IPTV kwa kawaida inasafiri kwa UDP, namna ya kutuma pakiti isiyosubiri uthibitisho wa kupokelewa. Pakiti moja hubeba vipande saba vya baiti 188, jumla baiti 1,316, na ikipotea bila mtambo kuwahi kuirudisha, yanazuka mabaka ya miraba kwenye picha na sauti inakatika kidogo, halafu picha inaendelea. Miraba inaelekeza kwenye pakiti zinazopotea, mara nyingi kwa sababu ya laini yenye kelele au kiungo kilicholegea. Kiduara kinaelekeza kwenye kasi isiyotosha au seva iliyo mbali. Fundi akiambiwa tu kwamba "IPTV inakwama" wakati tatizo ni programu ya kustrimu, atakagua waya wa shaba saa nzima bure.

Yapo matatizo ya IPTV ambayo OTT haiyajui kabisa. La kwanza ni picha kuganda baada ya dakika nne na sekunde ishirini hivi, kila mara, na kurudi ukibadilisha chaneli. Sababu yake ni kwamba ruta inatakiwa kuuliza kila sekunde 125 nani bado yuko kwenye kundi, na swichi, kifaa kinachogawa mtandao kwa waya, inayofuatilia majibu hayo humfuta asiyesikika kwa sekunde 260. Maswali yasipofika kwenye king'amuzi, au majibu yakimezwa njiani, swichi inafunga bomba. Kubadilisha chaneli kunatuma ombi jipya la kujiunga, na saa inaanza kuhesabu upya.

La pili ni swichi ya bei nafuu isiyofuatilia IGMP. Hiyo inaichukua multikasti kama tangazo la wote na kuimwaga kwenye kila tundu. Kama moja ya matundu hayo limeunganishwa na kifaa cha Wi-Fi, nyumba nzima inalalamika kwamba intaneti imekufa kila televisheni inapowashwa.

Na Wi-Fi yenyewe ni tatizo la tatu. Pakiti za multikasti hewani hazipati uthibitisho wa kupokelewa, kwa hiyo iliyopotea hairudiwi, na vifaa vingi huzituma kwa kasi ya chini kabisa ili hata aliye mbali azisikie. Kasi hiyo ikiwa megabiti 6, chaneli ya megabiti 8 haipiti hata kama king'amuzi kiko meta moja kutoka kwenye ruta. Dawa ni kebo ya Ethernet hadi kwenye king'amuzi, au kifaa cha Wi-Fi kinachogeuza multikasti kuwa mikondo ya mtu mmoja mmoja kabla ya kuirusha.

Wengi pia hununua ruta yao nzuri kuliko ya kampuni, wanaichomeka, intaneti inapaa na chaneli zinatoweka. Aghalabu televisheni inakuja kwenye VLAN yake, yaani mtandao uliotengwa ndani ya waya uleule, tofauti na ya intaneti, na ruta mpya haijaambiwa kuhusu VLAN hiyo wala haijawashiwa IGMP proksi ya kupitisha maombi ya makundi. Tafuta namba ya VLAN ya televisheni kwa mtoa huduma kabla hujaitoa ruta ya zamani.

Kwenye simu za mkononi mambo ni mepesi kueleza. Viwango vya 3GPP, muungano unaoandika kanuni za mitandao ya simu, viliweka eMBMS tangu toleo la 9, njia ya kurushia mkondo mmoja kwa watazamaji wote walio chini ya mnara mmoja. Simu na mitandao iliyoiunga mkono ilikuwa michache. Kwa hiyo programu ya televisheni ya kampuni ya simu, ukiwa kwenye 4G, kwa kawaida inakupa mkondo wako peke yako na unakula sehemu yako ya uwezo wa mnara. Kampuni isipokukata bando kwa kuitazama, hiyo ni habari ya bei. Namna picha inavyosafiri haibadiliki kwa sababu ya bei.

Hata mwelekeo wa biashara unapotoshwa na neno hili. AT&T ilinunua DirecTV, kampuni ya televisheni ya setilaiti, mwaka 2015, ikazindua DirecTV Now, huduma ya kustrimu, mwaka 2016, na mwaka 2020 ikaacha kuuza televisheni ya U-verse kwa wateja wapya. Programu haihitaji fundi kuingia nyumbani, na inaweza kuuzwa kwa mtu ambaye laini yake ya intaneti ni ya kampuni nyingine. Huko ni kuondoka kwenye IPTV. Taarifa inayoita hatua ya aina hiyo "upanuzi wa IPTV" imeeleza kinyume cha kilichotokea.

Na zile orodha za chaneli zinazouzwa kwa viungo? Faili la M3U ni maandishi matupu, anwani moja baada ya nyingine, na kwa kawaida kila anwani inaelekeza kwenye seva iliyoko mahali fulani kwenye intaneti ya wazi. Hakuna nafasi iliyotengwa, hakuna anayesimamia njia hadi kwako. Kama muuzaji ana haki za kurusha chaneli hizo au hana ni suala la sheria, nalo linajitegemea. Inasikitisha tu kwamba kwa sababu ya orodha hizo wapo wanaodhani IPTV ni jina la uharamia, wakati kwa mamilioni ya watu ni huduma halali iliyo kwenye ankara yao ya intaneti.

Kwa hiyo ukitaka kujua chako ni kipi, chomoa kifaa chako ukakijaribu kwenye intaneti ya kampuni nyingine. Chaneli zikija kama kawaida, sema una televisheni ya intaneti, na utakuwa umesema sawa. Kikigoma kwa sababu hakiuoni mtandao wa kampuni yake, hapo una kila sababu ya kukiita IPTV.