Shahada ya michezo ya jamii haipimwi kwa danadana
Ukisema unasomea maendeleo ya michezo ya jamii, utaulizwa unacheza namba ngapi. Watu hudhani ni shahada ya wachezaji na makocha. Tazama MYSA, jumuiya ya michezo ya vijana wa Mathare, Nairobi, iliyoanzishwa 1987: timu hupata pointi za ligi uwanjani, na pointi nyingine kwa kuzoa taka na kuzibua mitaro mtaani. Sasa koleo na toroli zitoke wapi? Nani awaendee wazazi wanaokataza binti zao wasicheze jioni? Nani aandike bajeti ambayo mfadhili ataielewa? Kazi unayosomea ndiyo hiyo, pamoja na ulinzi wa watoto na tathmini. Danadana ukizijua, heri yako, ila hazimo kwenye mtihani.