Mwamuzi wa besiboli si mchezaji mstaafu

Wengi hudhani mwamuzi wa besiboli Marekani ni mchezaji mstaafu aliyetafutiwa kazi ya uzeeni, au mtu mwenye ajira yake kwingine anayekuja kupuliza filimbi jioni. Filimbi yenyewe haipo, na huo ustaafu nao haupo.

Waamuzi wa ligi kuu, MLB, ni waajiriwa wa kudumu. Ni 76 hivi tu, wanazunguka nchi nzima wanne wanne tangu Machi hadi Oktoba, na tofauti na timu, hawana mechi za nyumbani. Kuingia humo ni subira. Kijana hupitia mafunzo, kisha ligi ndogo za chini kabisa, ambako mechi huchezeshwa na waamuzi wawili: mmoja anainama nyuma ya mdakaji, yule mchezaji anayedaka mipira inayorushwa, mwenzake anabaki kukimbizana na vituo vyote, yaani alama uwanjani ambazo wachezaji hukimbia kuzifikia. Hupanda daraja moja moja, mara nyingi kwa miaka saba, kumi au zaidi, na wengi huachwa njiani. Nafasi hupatikana mkubwa akiondoka, na wakubwa hawaondoki upesi: Joe West alianza mwaka 1976, akastaafu 2021 akiwa amechezesha mechi 5,460!

Jen Pawol aliingia ligi ndogo mwaka 2016. Ni hadi Agosti 9, 2025, mjini Atlanta, alipokuwa mwanamke wa kwanza kuchezesha mechi ya msimu wa kawaida ya MLB. Siku hiyo alipangwa vituoni. Kesho yake akasimama nyuma ya mdakaji, kuamua kila mpira uliorushwa. Chuoni alicheza softiboli, mchezo unaofanana na besiboli, lakini kilichompandisha ni ile miaka tisa ya ligi ndogo.