Je, wajua kwa nini Wakatoliki wa Kampala wana vilima viwili?

Mwambie mwendesha boda wa Kampala akupeleke hospitali ya Wakatoliki. Kabla hajawasha pikipiki atakuuliza: Rubaga au Nsambya? Zote mbili ni za Jimbo Kuu la Kampala, kila moja juu ya kilima chake. Sasa kanisa moja lilitaka vilima viwili vya nini?

Chanzo ni vita. Padri Siméon Lourdel na Bruda Amans walifika Kigungu, Entebbe, tarehe 17 Februari 1879. Walikuwa Wafaransa. Waganda walisikia "mon père", wakamwita padri Mapeera (wala si mapera haya tunayokula). Waprotestanti, waliotangulia mwaka 1877, walikuwa Waingereza. Basi dini ikageuka kabila: Mkatoliki akaitwa Mfaransa na Mprotestanti Mwingereza, hata kama wote wawili ni Waganda na Ulaya hawajaiona.

Januari 1892 "Wafaransa" na "Waingereza" hao wakapigana Mengo, makao ya Kabaka, mfalme wa Buganda. Kapteni Lugard, mtu wa kampuni ya Kiingereza, akaegemea upande wa Waprotestanti, na bunduki yake ya rashasha, Maxim, ikamaliza ubishi. Kanisa la Wakatoliki kilimani Rubaga likateketea. Wakatoliki wengi wakakimbilia Buddu, eneo la Masaka, na ndiyo maana Masaka imejaa Wakatoliki mpaka leo.

Roma ikabuni dawa ambayo mimi naiona ya werevu mno: lete Wakatoliki ambao ni Waingereza, watu waone kwamba Ukatoliki si mali ya Ufaransa. Mwaka 1894 upande wa mashariki ukamegwa kuwa vikarieti ya pekee (eneo la kimisionari lenye askofu wake), na mwaka 1895 Askofu Henry Hanlon na mapadre wa Mill Hill, shirika la wamisionari kutoka London, wakapanda Nsambya.

Kila kilima kikajijenga kivyake. Rubaga ilianza hospitali mwaka 1899. Nsambya ikafuata mwaka 1903, pale mtawa Mwairishi, Mama Kevina, alipoanza kutibu wagonjwa chini ya mti. Kanisa kuu la Rubaga, lile la matofali mekundu na minara miwili, lilitabarukiwa mwaka 1925.

Tarehe 5 Agosti 1966, miezi michache tu baada ya jeshi kuvamia ikulu ya Kabaka, Roma ikaunganisha vilima hivyo kuwa Jimbo Kuu la Kampala chini ya Emmanuel Nsubuga, aliyekuja kuwa kardinali wa kwanza wa Uganda. Kiti cha askofu kikakaa Rubaga. Nsambya ikabaki na parokia ya Mtakatifu Petro, hospitali yake, na barabara inayoitwa Kevina.