Besi chini ya sauti: ninavyopiga kwenye michezo ya muziki

Kazi ya kupiga gita la besi niliianzia kwenye hoteli za pwani, kaskazini mwa Mombasa. Kule ukishajua ufunguo wa wimbo na masikio yako yakawa mazima, huna deni. Mwimbaji anasema "G", mpiga drums anahesabu nne, wageni wanainuka kucheza. Wimbo ukinoga mnaurefusha, ukipoa mnaukata. Miaka mingi niliamini upigaji besi ndio huo na hauna mwingine.

Kisha rafiki yangu mpiga kinanda akanipigia simu kutoka Nairobi. Kuna kundi linaandaa Jesus Christ Superstar, mchezo wa muziki kuhusu siku za mwisho za Yesu, mpiga besi wao amesafiri, na zimebaki siku 12. Muziki wenyewe nilikuwa naujua tangu utotoni, kutoka kwenye kanda ya baba. Nikakubali. Nilipofika nikapewa kitabu.

Wapigaji wa hoteli hatuna vitabu. Tuna karatasi iliyokunjwa mfukoni yenye majina ya nyimbo na herufi za kodi, yaani noti zinazopigwa pamoja. Hiki kilikuwa kitabu kweli, kurasa kwa kurasa za noti zenye ufunguo wa F, ile alama ya sauti nzito, na kila kipimo, yaani kile kijumba kati ya mistari miwili ya wima, kina nambari yake. Noti nilikuwa nimejifunza shuleni kwenye kwaya, tena kwa solfa. Kwa hiyo usiku wa kwanza nilikaa na penseli nikisoma kama mtoto anayefuatisha herufi kwa kidole.

Mchezo ule hauna maongezi makavu ya kukupa nafasi ya kupumua. Watunzi wake, Andrew Lloyd Webber na Tim Rice, waliutoa kwanza kama albamu mwaka 1970, ndipo ukapanda jukwaani Broadway, kwenye kumbi kubwa za New York, mwezi Oktoba 1971, na hadithi yote inaimbwa tangu mwanzo hadi mwisho. Besi ya albamu ile aliipiga Alan Spenner, mtu wa bendi za roki, na ukisoma kitabu unasikia mkono wa mtu aliyekuwa akipiga na wenzake chumba kimoja, akijibu ngoma na gita. Kwa hiyo kusoma noti sawasawa hakutoshi. Lazima ujue kwa nini noti ile imechelewa kidogo, na kwa nini ile nyingine imekatwa kabla ya wakati wake.

Halafu kuna hesabu. Wimbo ambao Maria Magdalena anamtuliza Yesu una mapigo matano katika kila kipimo. Hotelini hakuna anayecheza matano. Niliuhangaikia mpaka nikagundua kwamba lugha yetu ni mwalimu mzuri wa jambo hili, kwa sababu silabi zake zina urefu karibu sawa. Nikitamka bila kukaza popote, "ka-ri-bu ma-ma" ni tatu na mbili, jumla tano. Nikawa nazunguka nyumbani na hiyo, nikipika, nikifua, karibu mama, karibu mama, hadi mguu ukakubali. Ile sehemu ya wachuuzi hekaluni ina saba, nami naigawa "ma-ma, ba-ba, ka-ri-bu". Nimewafundisha wapigaji vijana kwa njia hii na hakuna aliyerudi kuniambia imemshinda. Mtu akihesabu kwa nambari hufika "saba" akajikwaa kichwani. Maneno huteleza.

Jambo lingine ambalo halikuwahi kunipitia akilini ni kugeuza ukurasa. Mpiga tarumbeta hupata mapumziko, mpiga besi hupiga karibu wakati wote. Msaada pekee ni nyuzi zako. Besi ina nyuzi nne, E, A, D na G, na ukidonoa uzi ulio wazi kwa mkono wa kulia, wa kushoto unakuwa huru kugeuza karatasi. Basi unapitia kitabu kizima ukitafuta mahali ambapo A au D inaangukia karibu na mwisho wa ukurasa, unaweka alama. Lakini nyimbo za jukwaani huhamishwa ili zifuate koo la mwimbaji. Zikipelekwa kwenye ufunguo wa D-flati, kati ya noti saba za skeli hiyo hakuna hata moja unayoipata kwenye uzi wazi. Hapo unakariri vipimo vinne vya mwisho, au unatoa nakala ya nusu ukurasa na kuibandika pembeni. Kila kitu kwa penseli, maana vitabu vya michezo mikubwa hukodishwa na hurudishwa vikiwa vimefutwa. Kile changu kilikuwa hakijafutika vizuri. Pembeni mwa ukurasa mmoja mpiga besi wa mahali fulani alikuwa amechora jozi ya macho, ishara ya "mtazame kondakta". Nilipofika pale kwenye mazoezi nikainua kichwa, na ni kweli, mwendo ulibadilika ghafla.

Kondakta wetu alikuwa mama mmoja aliyekuwa akipiga kinanda na kuongoza kwa wakati mmoja, mkono ukiwa na kazi anaongoza kwa kichwa. Kumbi nyingi nilizopigia hazina lile shimo la okestra lililo mbele ya jukwaa. Tunawekwa pembeni nyuma ya kitambaa cheusi, au nyuma kabisa ya mandhari, na kondakta tunamwona kwenye skrini ndogo. Ulaya desturi ya kuwaficha wapigaji ni ya zamani: Bayreuth, Ujerumani, kuna ukumbi uliofunguliwa mwaka 1876 ambao shimo lake limefunikwa, hadhira haimwoni mpiga fidla hata mmoja. Mwanzoni kufichwa kuliniuma, nilizoea kutazamwa. Sasa nakuona ni nafuu, kwa sababu macho yangu yote mawili yana kazi.

Kazi hiyo ni kumngoja mwigizaji. Hapa ndipo penye moyo wa jambo lenyewe, na hapa ndipo kazi ya jukwaani inapoachana na ya hotelini. Kwenye michezo yenye maongezi, mara nyingi bendi hupiga vipimo viwili au vinne kwa sauti ya chini huku watu wakizungumza juu yake, na kuvirudia mpaka neno fulani litamkwe. Wenyewe wanaita vampu. Kwenye karatasi unaona alama ya marudio tu, lakini kuna namna mbili za kutoka na ukizichanganya umeharibu. Moja, neno likitamkwa unamaliza duara ulilomo ndipo unasonga. Nyingine, neno likitamkwa unaruka papo hapo, popote ulipo. Mimi huandika pembeni "maliza" au "ruka", tena kwa herufi kubwa.

Duara lenyewe linachosha kuliko wimbo mgumu. Unapiga noti zilezile mara sita, mara tisa, hujui ni mara ngapi, na kila mzunguko lazima uwe tayari kuwa wa mwisho. Ukilala kidogo tu, mkono unaendelea wenyewe wakati wenzako wamekwishatoka. Basi nasikiliza maongezi, sio muziki. Baada ya maonesho matatu nayajua maneno ya kila mwigizaji, na nazijua pumzi zake pia. Kuna dada mmoja aliyekuwa akivuta pumzi ndefu kabla ya neno letu. Nikawa naisubiri pumzi, neno likija mimi nimeshafika.

Usiku mmoja, kwenye mchezo mwingine wenye maongezi mengi, mwigizaji aliruka karibu nusu ukurasa. Jambo la kawaida, humpata yeyote. Akaingia kwenye wimbo sisi tukiwa bado kwenye duara linaloutangulia. Kwa sekunde mbili bendi ikawa na mambo matatu tofauti: kinanda kimeruka, gita limebaki, drums zinatafuta. Kondakta akatamka nambari ya kipimo. Nikaacha mapambo yote, nikapiga noti ya msingi ya kodi pale anapoimbia yule mwigizaji, pigo la kwanza la kila kipimo, basi. Drums zikanishika, gita likafuata. Wakati kama huo ukileta ujuzi unawazamisha wenzako, kwa sababu wanachohitaji ni kujua moja iko wapi na kodi ni ipi.

Kwenye Superstar kuna mahali ambapo kungoja huko kunageuka mambo mazito. Pilato anaamuru Yesu apigwe viboko, na vinahesabiwa kwa sauti, kimoja hadi 39, juu ya mdundo unaozunguka bila huruma. Besi ipo pale muda wote. Ukiwaza hesabu unapoteza mdundo, na ukizama kwenye mdundo hesabu inakutoroka. Nilikuwa nimeandika nambari za viboko juu ya noti, kila kipimo na chake. Usiku wa tatu kijana aliyecheza Pilato, machozi yakimtoka kweli, akaruka kiboko kimoja. Nilisikia. Nikamtazama mama kinandani, akatikisa kichwa: endeleeni kama ilivyoandikwa. Tukaenda naye akiwa mbele yetu kwa kimoja hadi 38, kisha akanyamaza. Akaacha mdundo upite chini yake, akavuta pumzi, na 39 akaitamka pale pale inapotakiwa. Watu ukumbini walidhani ule ukimya ulipangwa. Baadaye alinikuta nafunga waya, akaniambia, "Kaka, nilijua nimepotea. Nikaisikiliza besi."

Kuhusu sauti niseme machache, maana vijana hupenda kuniuliza juu ya spika kubwa. Acheni spika kubwa. Uzi wa E ulio wazi hutetema takriban mara 41 kwa sekunde, na sauti nzito namna hiyo haielekezwi, inaenea ukumbi mzima, inaingia kwenye mbao za jukwaa na kwenye vipaza sauti vya waigizaji. Mimi natuma besi moja kwa moja kwenye meza ya fundi mitambo, na najiwekea spika ndogo juu ya kiti, imeelekea sikio langu. Na chini ya nyuzi, karibu na daraja, pale zinapoishia, naweka kipande cha sponji ya kuoshea vyombo. Noti inakuwa fupi na ya mviringo, inatokea na kuondoka, na maneno ya mwimbaji yanapata nafasi. Hadithi iko kwenye maneno. Besi inayovuma hufunika konsonanti, na mtu wa safu ya mwisho akikosa konsonanti amekosa hadithi.

Waigizaji hufanya mazoezi wiki nyingi na kinanda peke yake, sisi huja mwishoni. Siku ya kwanza ya kukutana, watu wanakaa tu na kuimba, hakuna kucheza wala mavazi. Kwa jina la Kijerumani wanaiita sitzprobe. Naipenda siku hiyo kuliko usiku wa kwanza wa onesho. Waimbaji wamezoea noti za kinanda zinazofifia, ghafla kuna kitu chini yao kinachokaa. Niliona kwaya ya vijana ikianza wimbo, besi na drums zikaingia kwenye kipimo cha tano, na nusu yao wakageuka kututazama huku wanaimba.

Ndiyo maana siwezi kunyamaza ninaposikia waandaaji wetu wakisema bendi ni gharama, tutumie muziki uliorekodiwa. Najua hesabu zao ni za kweli, na sio hapa tu. New York mwaka 2003 wanamuziki wa Broadway waligoma siku nne kupigania idadi ya wapigaji, na hata hivyo kiwango cha chini katika kumbi kubwa kilichokuwa kati ya 24 na 26 kikashuka hadi 18 au 19. London, mchezo wa muziki The Phantom of the Opera uliporudi mwaka 2021, okestra ya watu 27 ilikuwa imebaki ya 14. Lakini hata huko walipunguza, hawakufuta. Rekodi ingemfanya nini Pilato wetu alipoacha kuhesabu? Na dada yule siku pumzi yake ikichelewa? Mwigizaji anayeimba juu ya rekodi hujifunza kuogopa, anaikimbiza saa. Kama fedha ni za watu watatu, leteni kinanda, drums na besi, mwondoe taa mbili na joho moja la mfalme. Nimeshapiga mchezo mzima tukiwa watatu na haukupungukiwa kitu kilichomzuia mtu kulia.

Na waandaaji wakishakubali, nasi tuna wajibu wetu. Kule London na New York mpiga wa kudumu huwa na watu wa kumshikia nafasi, ambao huja kukaa kando yake usiku mmoja au zaidi, wakifuata kitabu kwa macho, halafu siku wakiitwa wanapiga bila mazoezi na bendi. Hapa kwetu mpiga besi akishikwa na homa onesho zima linatetereka. Nilipiga usiku mmoja na homa ya nyuzi joto 39 kwa sababu hakuna mwingine aliyekijua kitabu. Tangu hapo kila mchezo namwita kijana mmoja akae nami nyuma ya kitambaa, namlipia nauli, na alama zangu naziandika kwa usafi ili mtu mwingine aweze kuzisoma. Wa sasa ni binti wa miaka 20, alianza na besi ya kanisani. Wiki iliyopita nilimwachia kitabu kuanzia mapumziko hadi mwisho, mimi nikakaa pembeni yake. Kwenye viboko midomo yake ilikuwa inahesabu, mkono haukuyumba. Jumamosi hii anapiga onesho la mchana peke yake.